Breki Alifunga Huyu

2 Juni

Dada yangu,

Mimi mzima, miguu ndiyo inayodai ni ya mtu mwingine. Nilipanda siku nne mfululizo, na jana saa tisa njia yenyewe ikachoka kupanda, nikajikuta juu kwenye tambarare ya mawe meupe nisiyoona mwisho wake. Huku kila kitu ni chokaa: barabara, kuta za mashamba, nyusi za watu. Mvua ikinyesha maji hayatembei, yanaingia kwenye nyufa za mawe na kupotea. Mito yote iko chini mabondeni. Kwa hiyo mtu wa huku akikupa kikombe cha maji amekupa kitu, maana ameyakinga mwenyewe kwenye paa lake na kuyafungia kisimani kwa kufuli.

Vumbi ni balaa kwa cheni ya baiskeli. Naifuta kila jioni na kuitia mafuta tone kwa tone, na asubuhi inalia tena. Kokoto nazo zina makali, nimeshaziba tairi la nyuma mara tatu.

Nafuata daftari la Kaka, ukurasa kwa ukurasa. Aliandika kila kitu: umbali, nyumba zenye maji, mbwa wakali. "Mbwa wa nyumba ya bluu, pita ukiimba." Nimepita nikiimba. Kumbe mbwa alishakufa, akatoka bibi wa nyumba ile kunitazama, akamwita na mumewe aje aone.

Watu wakiniuliza nasema natembea tu. Mzee wetu usimwambie niko njia gani. Ukitaka kumpa salamu mpe, lakini ziwe zako. Niandikie kwa posta ya pili katika orodha niliyokuachia.

Mdogo wako,
Spoku


9 Juni

Spoku, mdogo wangu usiyesikia,

Barua yako imefika na vumbi jeupe ndani ya bahasha, limemwagika lote juu ya sare za shule za watoto wa watu. Nimezifuta nikikutaja jina. Ningekupigia simu nikuseme vizuri, lakini umekwenda kujichimbia kwenye mawe ambako hata waya wa simu haujafika.

Nimeitazama orodha yako. Posta nne, halafu kimya. Unadhani mimi fundi wa kushona sijui kusoma ramani? Baada ya posta ya nne kuna mteremko wa mtoni, na najua ni nani hakurudi kutoka mteremko ule. "Natembea tu." Haya, tembea.

Sasa kaa chini nikwambie. Baba moyo wake si mzuri. Wiki iliyopita alianguka akijaza upepo baiskeli ya muuza maziwa. Daktari akamwambia aache kazi, naye akamjibu daktari kwamba gurudumu la baiskeli yake limepinda, alilete. Alfajiri ya pili yake akafungua karakana kama kawaida. Macho nayo yamekwisha, nati anazitafuta kwa vidole.

Miaka miwili hamsemezani. Umehamia upande wa pili wa mji, umeacha ufundi umekwenda kubeba matofali, na mimi niko katikati yenu nikibeba kimya cha kila mmoja. Alisema neno moja, siku moja, mbele ya watu, na mwanawe bado hajazikwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, sikatai, lakini hata aliyejikwaa ulimi ni mtu, na huyu ni baba yako. Rudi. Mteremko haukimbii, mzee mwenye moyo mbovu anaweza kukukimbia.

Dada yako


15 Juni

Dada,

Unasema neno moja. Yalikuwa matatu. Breki alifunga huyu.

Nayaandika ili uyaone, kwa sababu siku ile wewe ulikuwa ndani na wanawake na umesikia habari tu. Polisi walikuwa wameileta baiskeli ya Kaka na kuiegemeza ukutani, waya wa breki ya mbele umechomoka kwenye nati yake. Watu wamejaa uani. Mmoja akauliza, "Hii breki nani aliifunga?" Mzee akaninyoshea kidole akasema yale maneno matatu, kisha akaingia ndani. Hakuna aliyenigusa. Walinipisha tu, nikatoka getini.

Na unaijua desturi ya karakana yetu. Anayefunga siye anayekagua. Ametupigia kelele hilo tangu tukiwa tunachezea viraka. Jioni mimi nikaweka waya mpya na kukaza. Asubuhi Mzee akakagua. Nilikuwa nanawa uso, nikamsikia Kaka akiuliza, "Baba, tayari?" naye akajibu, "Nimekagua." Kaka akaondoka akipiga kengele. Huku juu hakuna mahali pa kubana breki kwa nguvu, ni tambarare kwa siku nyingi, mtu anagusa tu. Mteremko wa kwanza wa kweli ndio ule.

Najua nilikaza, Dada. Lakini miaka miwili nikilala najiuliza kama kweli najua. Mkono wangu nautazama nauona wa mtu mwingine. Ndiyo maana nimekuja. Breki ya baiskeli hii nimeifunga mwenyewe, vile vile, kwa spana ile ile, na sikumpa mtu aikague. Nataka kuushuka mteremko ule nione kama kazi yangu inashika. Ikishika nitajua. Isiposhika pia nitajua.

Usiogope, sitakimbia. Lakini sirudi kabla. Pole kwa sare.

Spoku


22 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa haraka, karani wa posta ameshika funguo na ananitolea macho. Baba amepumzika. Ilikuwa juzi asubuhi, kimya kimya, bila kusumbua mtu. Nilidhani nitakuwa na nguvu lakini nililia sana. Yeye uso wake ulikuwa mtulivu, sijamwona hivyo tangu Kaka alipotutoka.

Karakana tumeifunga. Watu wamekuja wengi mno, hata wale waliogombana naye, viti havikutosha tukaazima kwa majirani. Vifaa vyake vimegawiwa kama alivyotaka. Spana yake kubwa alisema uwekewe wewe.

Usikatize safari kwa ajili hii, hakuna cha kuwahi tena. Nitakuandikia vizuri nikitulia.

Dada yako


3 Julai

Dada yangu,

Barua yako nimeikuta hapa posta ya nne. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa sakafuni. Karani, mama mmoja mnene mwenye miwani, alinizungukia na kuniwekea maji mkononi, akafunga dirisha lake mpaka niliponyanyuka. Watu wa foleni hawakunung'unika.

Kwa hiyo ameondoka. Umesema "amepumzika" kwa kunihurumia, nami nakushukuru, neno jingine lingeniangusha barabarani. Kwa tarehe ya barua yako mmeshazika, zimepita siku kumi na moja. Nani alisimama mahali pangu? Usinijibu hilo.

Nimepata pa kulala kwa mchonga mawe, juu kabisa, hatua mia mbili kutoka mahali mteremko unapoanza. Chumba kina kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama bonde. Chini mto unaonekana, mwembamba, una miti kando yake. Nimelitazama bonde hilo mchana kutwa na sikushuka. Mchonga mawe haniulizi kitu. Anagonga kazi yake nje, akifika saa ya kula ananiita.

Sasa naweza kusema, kwa kuwa hayupo wa kusikia. Nilimchukia Mzee, Dada. Nilimchukia kwa bidii, kila siku, kama kazi. Na kila Jumapili nilivuka mji mzima nikapita mbele ya karakana, upande wa pili wa barabara, nione kama mlango uko wazi. Hukulijua hilo. Alikuwa akiinua kichwa. Nilikuwa naendesha polepole makusudi ili aniite, naye haniiti, nami napita. Wiki nyingine nilirudia mara mbili. Mtu mzima na ndevu zangu.

Kabla sijajua kuandika jina langu alinifundisha kutafuta tundu la tyubu kwa kuiweka shavuni, ili niusikie upepo kwa ngozi. Huwezi kumchukia vizuri mtu aliyekufundisha hivyo.

Nilikuwa na swali moja tu kwake. Asubuhi ile, ulikagua? Kama ulikagua ukakuta nati imelegea, kwa nini hukuniita ukanipiga makofi? Na kama hukukagua, kwa nini ulininyoshea mimi kidole? Nililibeba hadi huku, nikisema nikishuka salama nitakwenda nimuulize uso kwa uso. Sasa swali ninalo na mwenye jibu mmemfukia.

Sina haja tena ya mteremko. Hata breki yangu ikishika, nitamwambia nani? Nijibu hapa hapa kwa mchonga mawe. Niambie alisema nini mwishoni, hata kama hakunitaja.

Spoku


9 Julai

Spoku! Spoku wangu!

Baba yu hai. Yu hai, nakuapia. Amekaa hapa mbele yangu na kikombe cha chai na ananiambia niache kulia juu ya karatasi, wino utasambaa.

Amepumzika kazi! Kazi, mdogo wangu! Amefunga karakana, amestaafu, amekubali maneno ya daktari. Wale watu wengi ni wateja waliokuja kumuaga. Vifaa aligawa mwenyewe kwa mikono yake. "Hakuna cha kuwahi" nilimaanisha usijichoshe kukimbilia kuja kumsaidia, kazi imekwisha. Nimeisoma upya ile barua kichwani mwangu, nikaona nimeandika tanzia nzima na sikuacha kitu ila saa ya mazishi. Haraka haraka haina baraka, lakini haraka yangu mimi imeua mtu. Nisamehe. Nikufikiriapo umekaa kwenye sakafu ile ya posta natamani kukata vidole.

Na kuna jingine la kukiri, afadhali niyamalize leo. Barua zako zote nimekuwa nikimsomea. Uliniambia nisimwambie kitu, nami nilikuwa namsomea hadi mahali unaposema nisimwambie. Alikuwa anajua uko njia gani tangu ya kwanza. Yale ya mbwa wa nyumba ya bluu aliyacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Ya pili, yenye maneno matatu, alinyamaza siku mbili, na asubuhi ya tatu ndipo aliponiambia nilete kufuli tufunge karakana. Mimi mjinga nikadhani ni maneno ya daktari.

Hii nayo nilianza kuisoma kwa sauti kabla sijaitupia jicho. Nilipofika "mmeshazika" nikasimama. Akasema, "Endelea." Nikamwambia, "Baba, huyu mtoto amekosea." Akasema, "Endelea, nisikie nilivyozikwa." Nikasoma. Jumapili zako nikazisoma. Nilipofika kwenye swali akaniambia nilirudie, nikalirudia. Akaomba karatasi. Nikataka kumwandikia, macho yake unayajua, akakataa. Ameandika siku mbili, karatasi imegusa pua.

Sijaisoma. Ameifunga mwenyewe kwa gundi ya viraka, hata mwizi hawezi kuifungua bila kuichana. Naitia humu humu.

Dada yako mwenye haya


8 Julai

Mwanangu,

Herufi ni kubwa kwa sababu ndogo sizioni. Nivumilie.

Umeuliza. Ningekuwa nimekufa ningekuwa nimepona. Sikufa, kwa hiyo nakujibu.

Wewe ulikaza. Asubuhi ile niliishika nati, ilikuwa imekaza sawasawa, kazi safi. Nikauona waya kama una ulegevu. Labda haukuwa nao. Macho yalishaanza kuniacha na sikuwa nimemwambia mtu, nilikuwa naona haya, fundi kipofu ni nani atamletea baiskeli. Nikaifungua nati nivute waya kidogo. Nikavuta. Nikairudisha kwa vidole. Nikageuka kuchukua spana, muuza maziwa akaniita, tairi lake limeisha upepo na maziwa yanaharibika. Nikamjazia. Kaka yako akauliza, Baba, tayari? Nikasema nimekagua. Nilikuwa nimeshasahau.

Nilikumbuka walipoileta baiskeli. Nilipouona waya umening'inia nilikumbuka pale pale, hata joto la nati kwenye vidole. Uani watu wamejaa. Mtu akauliza nani aliifunga. Nikasema, breki alifunga huyu.

Lilikuwa jambo la kweli. Ndiyo maana mdomo ulikubali kulisema. Ni wewe uliyeifunga. Mimi ndiye niliyeifungua, na hilo hakuna aliyeniuliza.

Niliingia ndani nikasema nitakwambia jioni. Jioni ulikuwa umeondoka. Nikasema kesho. Kila kesho ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Nilikuacha uende kubeba matofali na mikono ile niliyoifundisha mwenyewe. Kaka yako nilimuua kwa kusahau. Wewe nilikufanyia nikijua.

Jumapili nilikuwa sikuoni, nilikuwa nasikia pedali yako ya kushoto inavyogonga. Nilikuwa nainua kichwa ili nikuite. Nilikuwa najua nikikuita itabidi niseme.

Sikuombi msamaha, sina uso huo. Ukitaka kubaki huko, baki. Dada yako hajui. Utakavyo wewe ndivyo itakavyokuwa.

Ila ushuke mteremko huo ukijua breki yako ni nzima.

Baba yako


16 Julai

Baba,

Nami naandika herufi kubwa, uisome mwenyewe, asikusomee mtu.

Barua zote mbili zimenifika jana asubuhi. Ya Dada niliisoma nikacheka kwa nguvu, nikapiga kelele, mchonga mawe akaacha nyundo akaja kunishika mabega akidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa namwambia, "Baba yangu yu hai," naye anasema, "Pole, pole," maana kwake huyo alishakufa wiki mbili. Kisha nikachana bahasha yako.

Niliitupa chini. Nikaiokota. Nikatoka nayo nje nikazunguka nyumba ile sijui mara ngapi. Nimekasirika, Baba. Nimekasirika kuliko siku ile uani, kwa sababu siku ile nilidhani labda una haki. Miaka miwili sikushika spana mpaka safari hii. Miaka miwili nikiuchunguza mkono wangu kama mkono wa mwuaji, na wewe ulikuwa na neno moja la kuniponya, umelikalia, huku unanisikia nikipita na pedali yangu. Sijui hasira hii nitaiweka wapi. Nilitaka kukuandikia matusi. Nilianza, nikachana karatasi mbili.

Leo asubuhi nimeushuka mteremko. Polepole, nimebana breki njia nzima mpaka rimu zikawa za moto. Imeshika. Kona ni kumi na moja. Ya saba nilisimama, sikuhitaji kuambiwa, pana ukuta mfupi wa mawe na katikati yake wamejengea pengo kwa mawe mapya. Ya zamani yamekuwa ya kijivu, haya bado meupe pe. Upana wa baiskeli na mtu. Nilikaa hapo karibu saa nzima. Malori mawili yalipita, dereva wa pili akashusha kioo akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia hapana.

Nilimweleza Kaka yote mawili, langu na lako. Sikuona kama lako limempa hasira. Wewe unamjua alivyokuwa.

Sasa nakuandikia nikiwa chini kabisa, kwenye posta ndogo kando ya mto. Na nataka ulielewe jambo moja, ulisome taratibu. Siku kumi na mbili nilikuwa nimekuzika. Nililala nikiwa sina baba, nikaamka hivyo hivyo. Nilimwandikia Dada kana kwamba kinachoniuma ni swali langu kukosa wa kulijibu. Si kweli. Siku ya pili tu swali lilikwisha, nikabaki nakutaka wewe. Bila jibu. Hata umeninunia, hata umeninyoshea tena kile kidole, alimradi uko mlangoni pako na mimi naweza kupita.

Sijakusamehe. Sitakudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Dada mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla sijafika, na umwambie polepole, kwa sababu yeye ndiye aliyekubeba miaka yote hii. Yale mengine ya watu wa uani tutayazungumza.

Kutoka hapa hadi nyumbani ni siku tisa nikikanyaga vizuri. Nakuja na hasira yangu, sina pa kuiacha. Meza dawa. Usipande ngazi. Usishike baiskeli ya mtu.

Usife, Baba. Nisubiri nifike.

Mwanao